Kipa Aliyeandika Orodha

Katibu wa timu yetu alikuwa na vidole vitatu visivyonyooka, viwili vya mkono wa kulia na kimoja cha kushoto, vimepinda kama vipande vya tangawizi. Ukimpa kikombe cha chai alikipokea kwa viganja, kama mtu aliyepewa kifaranga. Vifungo vya mikono ya shati vilimshinda. Mkewe ndiye aliyemfungia. Lakini mrushie ghafla mpira wa kriketi, ule mgumu kama jiwe, hata akiwa anazungumza na mtu mwingine, ungesikia tu mlio mdogo, pa, na mpira umeshatulia mkononi mwake, naye hajakatiza sentensi.

Nimeanza kuandika habari zake mara nyingi na kila mara nimechana karatasi. Mimi ni mtu wa kuchana karatasi. Nataka kitu kiwe sawa kabisa kabla hakijaonwa na mtu, kwa hiyo mambo yangu mengi hayajaonwa na mtu. Safari hii sichani, kwa sababu ndani ya habari zake mna kosa langu, na nikiendelea kulisahihisha nitaishia kulifuta.

Timu ilikuwa ya Harrow, pembeni mwa London, watu wa Unguja, Mombasa, Dar na Nairobi waliokutana kila Jumamosi ya kiangazi kwenye uwanja wa bustani nyuma ya nyumba pacha. Yeye alikuwa katibu, maana yake aliandika orodha ya wachezaji kumi na mmoja, na alikuwa kipa. Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji hurusha mpira kuelekea vijiti vitatu, mpigaji huvilinda kwa gongo, na nyuma ya vijiti huchuchumaa kipa, ambaye kazi yake ni kudaka kila kinachopita. Kikimpita na yeye, wapinzani hukimbia na kujipatia mbio, yaani pointi, za bure. Katibu alikuwa amechuchumaa pale miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyemkumbuka kipa mwingine. Umri wake sikuujua. Siku moja nilimwuliza alifikaje London kutoka Unguja baada ya Mapinduzi, akanijibu, "Nilikuja na ndege. Uliza la maana."

Kiingereza alikikataa. Alikuwa amefanya kazi ofisini miaka mingi, barua zote kwa Kiingereza, tai shingoni, na siku aliyostaafu akatangaza kwamba Kiingereza nacho amekistaafu. Mimi nimezaliwa Edmonton, kaskazini mwa London. Kiswahili cha mama yangu nilikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza chote. Nilipofika uwanjani mara ya kwanza, nikiwa nimejifunza sheria za kriketi kwenye vitabu vya maktaba, wakati wa mapumziko ya kazi ghalani, nilimwomba kwa Kiingereza nafasi ya kuandika mbio. Akashika sikio. Nikarudia. Akamgeukia nahodha wetu, Bhai Hasmukh, mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Mombasa.

"Huyu binti anasema nini?"

"Anataka kuandika mbio, Katibu. Umemsikia."

"Sijasikia kitu. Upepo."

Upepo huo ulivuma miezi miwili. Kiswahili ninachoandikia hapa nilikianza siku zile, ndani ya treni, nikikariri namna ya kumwambia mzee kwamba nimeleta penseli zangu mwenyewe. Nilizileta tatu, zimechongwa. Tangu hapo akaniita Bi Penseli, na timu nzima ikaniita hivyo.

Mtu huyu aliona vipaji mahali ambapo wengine tuliona watu tu. Dukani kwa Hasmukh siku moja, dereva wa basi aliyekuja kununua kitambaa cha pazia aligonga rafu kwa bega na chupa ya achari ya Hasmukh ikaanguka. Dereva akaidaka karibu na goti, bila hata kuitazama, akairudisha, akaendelea kuuliza bei. Katibu alimfuata hadi kituoni.

"Jumamosi unafanya kazi?"

"Kwa nini, mzee?"

"Nina shughuli na mikono yako."

Dereva hakuwa ameshika mpira wa kriketi maisha yake yote. Mwaka uliofuata alikuwa mdakaji wetu bora. Nilimwuliza Katibu aliona nini hasa, akasema, "Hakushtuka. Kudaka kunafundishika. Kutoshtuka hakufundishiki." Niliandika maneno hayo nyuma ya kitabu, kisha nikakaa nikijiuliza mimi hushtuka mara ngapi kwa siku.

Alikuwa na maneno yake. Alisema orodha ni posa kwa watu kumi na mmoja na talaka kwa waliobaki, kwa hiyo usiiandike ukiwa na njaa. Alisema mchezaji anayesifiwa na kila mtu hajatazamwa na mtu. Msikitini alikuwa mpole, anatembea akigusa ukuta, anaitikia salamu za watoto mmoja mmoja. Akishachuchumaa nyuma ya vijiti, Mungu atusamehe. Alimsemesha mpigaji wa timu pinzani kwa Kiswahili, kwa sauti laini kabisa, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Baba, mkono huo umeuazima wapi? Warudishie wenyewe."

Wapigaji wengi hawakuelewa neno. Siku moja mmoja wao aligeuka, akaegemea gongo lake, akasema kwa lafudhi ya Tanga tupu, "Nimeuazima kwa babu yako, na yeye hauhitaji tena." Katibu alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Mchezo ukasimama. Baada ya mechi alitaka kumsajili.

Lakini jambo lililonifanya nimtazame kama mtu anavyotazama mlima lilikuwa kanuni yake ya orodha. Kila mwaka kabla ya mechi ya kwanza tulikaa watatu chumba cha nyuma cha duka la Hasmukh: Katibu, Hasmukh, na mimi, kwa sababu yeye alisema mwenye kitabu ana kura. Tukibishana juu ya nani aingie na nani akae nje, sauti zilipanda, vitambaa vikapigwa ngumi. Na kanuni ilikuwa moja: anayemtoa mtu ndiye anayekwenda kumwambia, uso kwa uso, kabla orodha haijabandikwa kwenye kioo cha duka. Simu hairuhusiwi. Ujumbe hauruhusiwi.

"Ukiona haya kumwambia," alisema, "basi huna hakika. Na kama huna hakika, mrudishe."

Mwaka mmoja alimtoa mpigaji wetu wa zamani, akaenda kumkuta kwa kinyozi. Akakaa kiti cha jirani, akasubiri mpaka nusu ya kichwa imenyolewa, ndipo akamwambia. Tulimwuliza kwa nini pale. "Nusu ya kwanza angekimbia," alisema. "Nusu ya pili lazima akae anisikilize." Yule bwana alinuna wiki nzima, kisha akarudi, na hakuacha tena kuja, hata miaka ambayo hakupangwa.

Hesabu Katibu hakuzipenda. Mtu si hesabu, alisema. Hata hivyo kitabu changu alikiheshimu kupita kiasi. Akiulizwa jambo la msimu uliopita alisema, "Mwulizeni Bi Penseli. Kitabu chake hakidanganyi." Kila aliposema hivyo nilirefuka inchi moja. Nyumbani niliandika kila mechi upya kwa mkono safi. Mara moja nililia kwa mbio moja niliyoiweka mstari usio wake.

Sasa nifike penyewe.

Kiangazi cha mwisho alichocheza msimu mzima, mipira ilianza kumpita. Sio mingi. Wa kwanza ulipita chini ya kiganja chake mchana kweupe, mpira ulionyooka, uliorushwa na Otieno, nesi Mkenya aliyekuja kutoka Lewisham kila Jumamosi na ambaye alikuwa mrushaji wetu mwenye kasi kuliko wote. Nilinyanyua penseli. Mpira ukimpita kipa, kosa ni la kipa na una mstari wake kitabuni. Mpira ukipotoka mbali asikoweza kuufikia mtu, kosa ni la mrushaji, na huandikwa chini ya jina lake. Wapinzani hupata mbio zilezile, jumla haibadiliki. Mwamuzi wa mechi zetu alikuwa mchezaji yeyote aliyekuwa amepumzika, mkono mmoja ishara, mwingine sambusa. Hakuna aliyekagua kitabu.

Niliandika kwamba mpira wa Otieno umepotoka.

Nilijiambia nimeuona vibaya. Wiki iliyofuata ukampita mwingine, nikauandika vilevile. Sikuweza kuliandika jina lile kwenye mstari ule. Ilikuwa kama kuombwa kumchora kipara mtu mwenye nywele. Mimi niliyelia kwa mbio moja niliharibu kitabu msimu mzima, kwa mwandiko mzuri.

Masika yaliyofuata tulikaa tena dukani. Nafasi kumi zilijaa kabla chai haijapoa. Ikabaki ya kumi na moja, na watu wawili: Otieno, na Imrani, kijana mfamasia aliyehamia Harrow, mpigaji hodari na kwa asili yake kipa. Kwa kuwa kipa tulikuwa naye, Imrani angeingia kwa gongo lake tu, na Otieno angekaa nje.

Hasmukh alikuwa amefungua kitabu changu. "Sikia, Katibu. Mimi Otieno nampenda sana. Lakini hebu tazama hii. Mechi baada ya mechi, mipira imepotoka, imepotoka. Huyu anarusha mpira au anatawanya mbegu?"

"Sikumbuki akipotosha hivyo," Katibu alisema.

"Kitabu kinakumbuka."

Katibu alinitazama. Hakunitazama kwa shaka. Ningeweza kuvumilia shaka. Alinitazama kama mtu anayeuliza saa kwa mwenye saa.

"Bi Penseli?"

Nilisema, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Neno kwa neno ilikuwa kweli. Bado naona haya kwa jinsi nilivyolichagua.

"Haya," alisema Katibu. "Kitabu hakidanganyi. Hasmukh, umemtoa wewe. Kesho akitoka kazini uende Lewisham."

Hasmukh alilalamika juu ya treni, juu ya goti lake, lakini angekwenda. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliomba ruhusa ghalani nikamtangulia. Hospitali ilikuwa inabadilisha zamu, na Otieno alitoka na koti juu ya sare, anakula ndizi.

"Bi Penseli! Umepotea? Huku si kwenu."

Nilimwambia pale pale nilichofanya kitabuni, karibu na kituo cha basi, na nilisema haraka kwa sababu nilijijua. Aliacha kutafuna. Nilipomaliza aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hivyo mkono wangu hauna shida?"

"Hauna."

"Hauna shida hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Wewe!" Alikaa kwenye kiti cha kituo. "Bhai Hasmukh aliniambia mwisho wa msimu, kitabu kinasema unapotosha. Unajua baridi yote hii nimekuwa nikienda ukumbini asubuhi baada ya shifti, kurekebisha mkono? Nimebadilisha hatua. Nimebadilisha viatu. Mke wangu anasema nimeoa ukuta, kila siku narushia ukuta mpira. Na mkono ulikuwa mzima!"

"Nisamehe, kaka."

Basi likaja, likaondoka. "Nimekasirika," alisema hatimaye, "lakini nimechoka sana, nitakasirika vizuri nikilala. Enda kwa mzee. Na usimwambie mimi nimekutuma. Lako ulibebe mwenyewe."

Nilivuka London yote kurudi Harrow, na kwenye treni ya mwisho ya safari ile nililiona lile ambalo nilikuwa nimekataa kuliona. Kumwambia Katibu ukweli juu ya kitabu ilikuwa nusu tu. Otieno akirudi, na Imrani akibaki, wa kutoka ni mmoja. Na anayemtoa mtu ndiye anayemwambia.

Katibu alikuwa ametoka kwenye sala ya Ijumaa, kanzu bado mwilini. Alinifungulia mwenyewe.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeloa? Ingia. Orodha naibandika jioni, kama umekuja kuisoma mapema, huipati."

Nilikaa sebuleni na kitabu mapajani. Jikoni mkewe alikuwa akikaanga kitu. Nikasema. Nilisema nilichofanya, mechi ya kwanza, ya pili, na zote. Sikujitetea, si kwa sababu ya ushujaa bali kwa sababu maneno ya kujitetea nilikuwa nimeyamalizia kwenye treni.

Hakukasirika. Alinyoosha mkono akachukua kitabu, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza wa kiangazi kile. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijaliona tena kwa mtu yeyote. Aliweka kidole chake kilichopinda chini ya kila alama, na alikuwa anaukumbuka kila mpira.

"Huu ulipotoka kweli. Upepo ulikuwa wa kushoto. Huu..." Alisimama. "Huu ulinipita mimi. Nilisogea nimechelewa. Huu pia. Huu si wake, huu ni wangu. Huu umeuandika vibaya kwa bahati mbaya, si kwa kukusudia, lakini ni wangu vilevile."

Ukurasa baada ya ukurasa. Mechi nzima za mwaka uliopita, mpira mmoja mmoja, na aliyoihesabu kuwa yake ilizidi ile niliyoificha. Nilikuwa nimemficha mtu ambaye hakuwa amejificha. Kila mpira uliompita alijua umempita. Alidhani tu kwamba na mimi nimeuandika, na kwamba sote tumeuona, na kwamba tulimpanga tukijua.

Alivua miwani. "Kwa nini?"

"Sikutaka wewe uwe umekosa."

"Ukanipenda mimi, ukamwumiza mwenzio."

Alingoja. Mafuta yalilia jikoni. Niligundua kwamba hangoji niombe radhi.

"Una kura," alisema. "Bado hujaitumia."

Nilitamani kutazama kitabu, kikombe, zulia. Nilimtazama yeye.

"Katibu, kipa wa kesho ni Imrani. Otieno anarusha. Wewe hupo."

"Una hakika?"

Ningeweza kusema sina. Kanuni ilikuwa yake: ukiwa huna hakika, mrudishe. Alikuwa ameuacha mlango wazi, na mimi nilijua ni mlango.

"Nina hakika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha bei. Akachukua karatasi, akaandika orodha upya, herufi kubwa, kalamu kaishika kati ya kidole gumba na kiganja. Hakusita kwenye mstari wa kipa. Mkewe alipaza sauti kutoka jikoni, "Kesho nguo zako nyeupe nipige pasi?"

"Ziache."

Moto ulizimwa. Mama yule alikuja akasimama mlangoni, mwiko mkononi, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akaelewa.

"Basi kesho utavaa sweta," alisema. "Pembeni kuna baridi. Hujawahi kukaa pembeni, hujui."

Alirudi jikoni. Katibu alinisukumia karatasi.

"Nisomee. Kwa sauti."

Niliyasoma majina kumi na moja. Aliyasikiliza yote mpaka la mwisho, ameinama kidogo mbele, mikono juu ya magoti, kama mchezaji yeyote anayesubiri kusikia kama ametajwa. Nilipomaliza aliendelea kungoja kidogo. Kisha akaegemea kiti.

"Timu nzuri," alisema. "Imrani ana mikono." Na mtu huyo, ambaye kwa miaka yote niliyomjua ndiye aliyetuambia sote lini tufike na wapi tusimame, akaniuliza, "Na mimi nije saa ngapi?"